Pombe Moja, Umri Mbalimbali: Kwa Nini Onyo la Aina Moja Haliwafikii Madereva Wote

Sikukuu za mwisho wa mwaka zinapokaribia, na askari wa usalama barabarani wanapoanza kuonekana na vipima ulevi kwenye barabara za kuingia Tabora mjini, mabishano yale yale huzuka upya katika vijiwe vya bodaboda. Mara ya mwisho niliyasikia chini ya mwembe mmoja karibu na stendi. Kijana wa miaka kama 22, amekalia pikipiki yake ya boksa kwa upande, alikuwa akimwambia dereva wa fuso mwenye mvi: "Mzee, wewe unakunywa tangu sijazaliwa na gari hujawahi kuliangusha. Mimi chupa mbili zitanifanya nini?" Mzee akamjibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo mara nyingi: "Pombe ya mtu mzima ina adabu, mwanangu. Ninyi ndio mnaoivunjia heshima." Waliokuwepo wakatikisa vichwa kukubali, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya petroli.

Kauli zote mbili si za kweli, lakini makosa yake hayafanani. Kijana anaamini kwamba mwili mchanga unaweza kubeba kila kitu, na mzee anaamini kwamba mazoea yamemfanya awe salama. Anayetaka kuwaokoa wote wawili kwa hotuba moja atakuwa anamjibu mmoja swali la mwenzake. Ndiyo maana nimeona ni vyema kueleza, hatua kwa hatua, jinsi kilevi kinavyomwathiri dereva kulingana na umri wake, na jinsi kinga inavyopaswa kuifuata tofauti hiyo.

Tuanze na maneno. Kilevi ni kitu chochote kinachobadilisha utendaji wa ubongo: bia, wanzuki, kangara na gongo, lakini pia bangi, mirungi, na hata baadhi ya dawa halali zinazotolewa hospitalini au kununuliwa dukani, kama vile valiamu na piritoni. Dereva aliyeathiriwa na kilevi si lazima awe anayumba au anaongea ovyo. Ni yeyote ambaye uwezo wake wa kuona, kupima hatari na kuchukua hatua kwa wakati umepungua. Kinga nayo ina ngazi zake. Kuna kinga ya mtu ambaye hajaanza kutumia, kinga ya yule ambaye ameanza na bado hajapata madhara, na kinga ya yule ambaye amekwisha kukamatwa au kupata ajali na tunataka isijirudie. Watu wengi hapa kwetu wanaposikia neno kinga hufikiria ngazi ya kwanza tu, yaani wanafunzi kuelezwa shuleni ubaya wa pombe, ilhali wanaotuua barabarani wengi wao walikwisha kuvuka ngazi hiyo zamani.

Neno la mwisho ni kiwango cha kilevi kwenye damu. Hupimwa kwa miligramu za pombe katika kila mililita 100 za damu, na kiwango kinachotajwa kwenye Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni miligramu 80. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ziweke ukomo wa 50 kwa madereva kwa jumla, na 20 tu kwa vijana na wale ambao ndio kwanza wamepata leseni. Tofauti hiyo kati ya 50 na 20 haikuwekwa kwa ajili ya kuwaonea vijana, na sababu yake tutaiona baada ya kueleza namna mwili unavyoiondoa pombe.

Mtu aliyewahi kuchuja asali kule Sikonge au Uyui ataelewa kazi ya ini bila shida. Ukishaweka masega juu ya kitambaa, asali hudondoka kwa mwendo wake. Ukiongeza masega mengine juu, kasi ya kudondoka haibadiliki. Umeongeza foleni tu. Ini hufanya vivyo hivyo: huondoa takriban gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa, uwe umekunywa chupa moja au nane. Chupa ya mililita 500 ya bia yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20, kwa hiyo chupa hiyo moja huhitaji saa mbili hadi tatu kuisha. Kwenye damu, kiwango hushuka kwa wastani wa miligramu 15 kila saa. Dereva aliyeweka glasi chini saa sita usiku akiwa na miligramu 160 atakuwa bado na takriban 70 saa kumi na mbili asubuhi, wakati basi linapoanza kuita abiria. Amelala, ameoga, amepiga mswaki, na moyoni anajiona mzima.

Hapa ndipo imani nyingi zinapojikusanya. Supu ya mbuzi yenye pilipili haiondoi pombe mwilini, wala kahawa ya tangawizi, wala kumwagiwa maji ya baridi; vitu hivyo vinaweza kumwamsha mtu, na matokeo yake ni mlevi aliye macho. Pipi na karanga hazifichi kitu mbele ya kipima ulevi, kwa sababu kifaa hicho hupima pombe inayotoka kwenye damu na kupita kwenye mapafu, si harufu ya mdomo. Kuzimua, yaani kunywa tena asubuhi ili kutuliza kichwa, ni kuongeza masega mengine juu ya kitambaa ambacho hakijamaliza kuchuja ya jana. Kuhusu kuzimua nitarudi, kwa sababu katika umri fulani jambo hilo lina maana nyingine kabisa.

Sasa tuje kwa kijana. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupima matokeo na kuzuia tamaa ya papo hapo, huendelea kukomaa hadi mtu anapofika miaka 25 hivi, wakati sehemu zinazotafuta raha, ushindani na sifa zimekwisha kushika kazi tangu ujana mdogo. Mkulima wa Igunga aliyewahi kufundisha maksai wachanga kulima anaijua hali hiyo: nguvu za kuvuta plau wanazo tele, lakini bado hawajaizoea sauti ya kuwaambia wasimame. Pombe huidhoofisha sauti hiyo kwanza kabla ya kuigusa miguu. Ndiyo sababu kijana aliyekunywa chupa mbili anaweza kutembea sawasawa, akatia ufunguo kwenye boksa bila kukosea, kisha akalipita lori kwenye kona.

Zaidi ya ubongo kuna uzoefu. Aliyeendesha kwa miaka 20 hufanya mambo mengi bila kuyafikiria: anapunguza mwendo mapema akiona mbuzi pembeni, anajua lami yenye vumbi la mchanga inavyoteleza. Kijana wa mwaka mmoja barabarani hutumia akili yake yote kufanya hayo, na pombe inapomchukulia sehemu ya akili hiyo habakiwi na akiba. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha madereva wenye kilevi cha kati ya miligramu 80 na 100 na wenzao wa umri wao ambao hawakunywa. Kwa wenye miaka 35 na zaidi, hatari ya kufa katika ajali ya gari moja lisilogongana na jingine iliongezeka takriban mara 11. Kwa wanaume wa miaka 16 hadi 20, iliongezeka takriban mara 52. Watafiti hao waliona pia kwamba kwa vijana hao wa kiume, kila nyongeza ya miligramu 20 ilitosha kuifanya hatari ya kufa iwe zaidi ya maradufu. Miligramu 20 huweza kufikiwa kwa chupa moja ya bia. Hiyo ndiyo maana ya ule ukomo wa 20 kwa vijana, na ndiyo maana kijana wetu wa chini ya mwembe amekosea anapojipima kwa kipimo cha mzee.

Marekani ilipitisha mwaka 1984 sheria iliyoyasukuma majimbo yote kuweka miaka 21 kuwa umri wa chini wa kununua pombe, na baadaye majimbo hayo yakaweka ukomo wa miligramu 20 au pungufu kwa dereva aliye chini ya umri huo. Kwetu umri wa kuuziwa pombe ni miaka 18. Hatua yetu ambayo naamini iliwagusa vijana moja kwa moja ni kupigwa marufuku kwa viroba, yaani pombe kali iliyouzwa kwenye vipakiti vya plastiki, tarehe 1 Machi 2017. Kiroba kilikuwa na bei inayolingana na mfuko wa kijana na ukubwa unaoenea mfukoni mwa jaketi la bodaboda. Wenye kipato kidogo, na vijana ni wengi miongoni mwao, hubadilisha unywaji wao haraka zaidi bei na upatikanaji vinapobadilika. Mzee anayekopeshwa na mama muuza pombe hashtushwi sana na mabadiliko hayo.

Picha za ajali zenye damu, ambazo hupendwa sana kwenye semina, haziwafai vijana kama tunavyodhani. Kijana huziangalia, anashtuka, kisha anajiambia kwamba yule alikuwa mzembe. Kifo kiko mbali mno na mawazo yake. Kilicho karibu ni pikipiki ya mkataba ambayo tajiri ataichukua akikosa hesabu, leseni itakayozuiwa, na jina lake kijiweni. Vijana pia huwa na kosa la kudhani kwamba wenzao wote wanakunywa zaidi ya wanavyokunywa kwa kweli, kwa sababu anayelewa huonekana na anayekunywa soda haonekani. Kuwaonyesha hesabu halisi ya kijiwe chao wenyewe hushinda nasaha nyingi. Nimewahi kuona kijiwe kimoja, kule Isevya, ambapo walikubaliana kwamba aliyekunywa anamkabidhi mwenyekiti funguo bila mjadala, na asiyekabidhi hapewi zamu siku inayofuata. Sina takwimu za kijiwe hicho. Lakini nilimwona mwenyekiti siku ya Jumamosi jioni akiwa na funguo tatu zimening'inia kwenye kidole, na wenye pikipiki wakicheza drafti pembeni.

Bangi na mirungi vinastahili maneno machache hapa, maana imani zake huwakumba zaidi vijana na madereva wa safari ndefu. Ni kweli kwamba kipima ulevi cha kupuliza hakioni bangi. Hicho kimetengenezwa kwa pombe tu. Lakini bangi huonekana kwenye mkojo kwa siku kadhaa na hata wiki kwa mtumiaji wa kila siku, na ucheleweshaji inaouleta katika kuchukua hatua hauhitaji kifaa ili uue. Mirungi humwondolea dereva hisia ya usingizi bila kumwondolea hitaji la usingizi. Inapokwisha nguvu, usingizi huja kama mgeni asiyebisha hodi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Macho yakifumba kwa sekunde nne tu, limekwenda karibu mita 90 bila mwenyewe.

Mzee ana mambo yake. La kwanza ni maji. Kadiri mtu anavyozeeka, kiasi cha maji mwilini mwake hupungua, na pombe hukaa kwenye maji. Chukua kijiko kimoja cha chumvi ukitie kwenye sufuria iliyojaa, kisha uchukue kijiko kama hicho ukitie kwenye sufuria ndogo: chumvi ni ile ile, lakini onja mchuzi. Mwanamume wa miaka 60 aliyekunywa chupa zile zile alizokuwa akinywa akiwa na miaka 30, na mwenye uzito ule ule, huwa na kiwango kikubwa zaidi kwenye damu. Jambo hili watu wengi hawalijui, na naliona kuwa muhimu kuliko yote katika makala haya, kwa sababu mzee hajaongeza hata glasi moja na bado amevuka mstari.

La pili ni dawa. Mwenye umri mkubwa ana uwezekano zaidi wa kuwa anameza kitu: dawa ya presha, ya usingizi, ya maumivu ya neva, ya kifafa. Baadhi ya dawa hizo, kwa namna ya pekee zile zinazoleta usingizi, zikikutana na pombe hata kidogo huzidishiana nguvu. Hapa kosa si la dereva peke yake. Mara nyingi dawa hutolewa bila mtu kumuuliza mgonjwa kama anaendesha gari, na mgonjwa naye hujiona hana haki ya kuuliza.

La tatu ni lile ambalo mzee wa chini ya mwembe aliliita adabu. Anayefanya kazi kwenye bani la kukaushia tumbaku hufika wakati akaacha kuisikia harufu ya moshi; moshi haujapungua kifuani mwake, ni pua iliyozoea. Mnywaji wa miaka mingi naye ubongo wake huzoea kutoonyesha ulevi. Haongei ovyo, hayumbi, na pengine anawaongoza vijana nyumbani. Lakini kiwango kwenye damu yake kiko pale pale, na taa za gari zikimpiga usoni usiku, macho ambayo tayari yamepungua kwa umri huchukua muda zaidi kurudi. Mazoea humpunguzia dalili. Hatari huiacha kama ilivyo.

Na mazoea hayo yakiendelea, huweza kugeuka kuwa utegemezi, ambao ni ugonjwa. Hapa ndipo kuzimua kunapobadilika maana. Kijana anazimua kwa sababu kichwa kinamuuma na wenzake wameanza tena. Mzee anayezimua kila asubuhi huenda anafanya hivyo kwa sababu bila glasi hiyo mikono inatetemeka, jasho linamtoka, na hawezi kushika usukani. Mtu wa namna hii ukimwambia "acha leo hii", ushauri wenyewe unaweza kumdhuru, kwa kuwa mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukinyimwa ghafla, unaweza ndani ya siku mbili tatu kuleta degedege na kuchanganyikiwa kunakohatarisha maisha. Anahitaji kuacha chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya, kwa dawa na kwa hatua. Bila shaka wapo vijana wenye utegemezi na wapo wazee wanaokunywa kwa sababu ya kampani tu, kwa hiyo umri hautoshi kumhukumu mtu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilitengeneza dodoso fupi la maswali 10 ambalo mhudumu wa afya anaweza kulitumia kujua aliye mbele yake yuko wapi.

Kati ya kijana na mzee kuna wale wa miaka 30 na 40, ambao wengi wao wamepunguza wenyewe baada ya kuoa na kupata majukumu. Watu husema, "mwache, ataacha akioa." Kwa wengi ni kweli. Tatizo ni miaka iliyopo kati ya sasa na harusi, na wale wachache ambao harusi haikubadilisha kitu, ambao ndio watakaokuwa wazee wenye mikono inayotetemeka. Kwa upande mwingine, usemi kwamba mzee habadiliki hauna ukweli: watu wenye umri mkubwa wanaopata matibabu ya pombe hufanikiwa angalau kama vijana, kwa kuwa wana mengi waliyokwisha kuyaona yakipotea na yaliyobaki wanayajua kwa majina.

Katika majimbo mengi ya Marekani, dereva aliyekamatwa amelewa hupelekwa kwenye kozi, na darasani hukutana mwenye miaka 19 na mwenye miaka 60. Sisi nasi hukutana hivyo katika semina zetu. Mwaka huu nilihudhuria moja, katika ukumbi wa kata, ambapo saa nzima ya kwanza ilikuwa picha za ajali na vitisho vya jela. Vijana walichezea simu. Wazee walikaa mbele, wima, kama watu waliokuja kuwaona wengine wakionywa.

Kisha akasimama muuguzi wa makamo. Hakuwa na picha. Alimwendea kijana mmoja wa mstari wa nyuma akamuuliza nini anakipenda kwenye pombe, na akasubiri jibu. Kijana akacheka, akasema inamfanya asichoke. Akamuuliza nini hakipendi. Kijana akafikiri muda mrefu kuliko tulivyotarajia, kisha akasema kwamba mama yake huwa halali mpaka asikie pikipiki imeingia. Muuguzi akamuuliza, "Sasa wewe mwenyewe ungependa iwe vipi?" Namna hiyo ya kuzungumza, ya kumfanya mtu ajisikie akitaja sababu zake mwenyewe badala ya kupewa za wengine, iliandikwa kwa mara ya kwanza na mwanasaikolojia William R. Miller mwaka 1983, na inafaa katika kila umri kwa sababu majibu hutoka kwa anayeulizwa: kijana atataja mama na pikipiki, mzee atataja wajukuu na ini.

Semina ilipokwisha vijana walitoka kwanza, wakikimbilia chakula. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alibaki akijifanya anatafuta kofia. Muuguzi alipokuwa akikunja karatasi zake, akamsogelea.

"Shikamoo baba," akasema yule muuguzi.

"Marahaba mwanangu. Mmesema sana habari za vijana. Sasa sisi ambao mikono ndiyo hivi asubuhi," akainua mkono wake wa kulia na kuurudisha haraka mfukoni, "tukaseme wapi?"

Muuguzi hakumuuliza anaendesha nini wala anakunywa kiasi gani. Alimwambia asiache ghafla, aje kwanza, na asije akiendesha. Akaandika kwenye kipande cha karatasi siku ya kliniki na namba ya chumba. Mzee akakisoma kwa kukisogeza mbali na macho, akakikunja mara mbili, akakiweka kwenye pochi, nyuma ya leseni.